Sahani ya Mama Zuhura

Jumatatu, 3 Machi
Nimekuna nazi mbili, nimebandika kunde za futari. Baba kagoma uji tena. Anasema jirani yetu Mama Zuhura kautia sumu. Uji nimepika mimi! Dawa alizopewa na daktari wa magonjwa ya akili nimezikuta dirishani, kazitema.

Jumatano, 5 Machi
Natandika kitanda cha Baba, nakuta bastola chini ya mto. Ile ya kibali, tangu enzi za duka lake Chang'ombe. Nimeiacha palepale. Kumpekua baba mzazi hatukufundishwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia kaka Hamisi twende polisi wakaichukue. Kanishukia.
"Ukiwaambia polisi umeutangazia mtaa. Wakwe wakisikia kwetu kuna kichaa, Salma nani atamuoa?"
Posa ya binti yangu inaletwa baada ya Idi. Polisi sikwenda. Kusema kweli, nilifurahi kupewa sababu. Kwa majirani tunaendelea kusema Mzee ana presha.

Jumapili, 9 Machi
Adhana ya magharibi haijaisha. Mama Zuhura kaingia kwa mlango wa uani na sahani ya tambi, bila hodi, kama kila Ramadhani. Alishaiweka mezani. Baba akatoka chumbani.
Risasi moja, ya bega. Damu mpaka kwenye mkeka wa futari.

Jumatatu, 10 Machi
Baba yuko polisi. Kaka kaandikisha kwamba Mzee alikuwa akiisafisha, ikafyatuka. Wakaniuliza mimi. Nikasema ndiyo, alikuwa akiisafisha. Nimesema uongo na swaumu yangu mdomoni. Najichukia.

Alhamisi, 13 Machi
Hospitali. Mkono wa kulia wa Mama Zuhura hauinuki. Nilijiandaa kutukanwa. Kaniuliza tu kama tulikuwa tunajua. Nikainamisha kichwa.
"Si ungeniambia, shoga yangu. Mie ningepiga hodi."
Nimerudi nyumbani bila kuaga. Sina uso.

Jumamosi, 15 Machi
Sahani yake nimeiosha, iko kabatini. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Nimekaanga kalimati, nikazipanga, nikazitoa; hazitoshi.
Salma kaona nimevaa baibui, kauliza nakwenda wapi. Polisi, kubadilisha maelezo yangu. Nimemweleza yote, na habari ya posa. Kanifungulia mlango.
Sahani nitaipeleka nikitoka huko.