Kamera Juu ya Kabati

Jadida,
Wete, Pemba.
14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Maher,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Khabari za huko Muscat? Khabari za mkeo Rawya na wajukuu zangu, na lile joto lenu ambalo mnalilipia umeme ili lisiingie ndani? Natumai nyote hamjambo. Kunyweni maji. Koo nyengine zinarithishana mashamba. Sisi mashamba yalikwenda zamani, yakabaki mawe ya figo.

Mimi ami yako ni mzima kabisa. Siku niliyotolewa jiwe langu sikupiga kelele wala sikukunja uso, mpaka madaktari wakaitana kuja kumtazama mzee wa chuma. Huo ni uongo. Nilichomwa sindano ya mgongo, kuanzia kitovu kushuka chini nikawa si wangu, na kabla ya hiyo sindano nilimkamata mkono muuguzi mmoja mwanamme, ana ndevu zake, nikamwita mama. Nakwambia mapema, ili huko mbele nikikwambia kweli uijue kuwa ni kweli.

Barua hii anakuletea jirani yetu Abrahman, anasafiri Jumanne. Ningepiga simu, lakini simu yako ina tabia. Ikisikia neno la haki, mtandao unakatika. Karatasi haikatiki.

Mama yako ananambia umeanza kuwatangazia watu huko kwamba hospitali ya Pemba imemharibu baba yako. Mimi skuli niliishia darasa la nne, na darasa lenyewe nilikaa dirishani nikitazama mbuzi, lakini siku ile ya hospitali nilikuwapo. Wewe hukuwapo. Ilikuwapo sauti yako tu.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, mimi na kaka yangu Haroub, baba yako, kila mmoja na jiwe lake na kila mmoja kavishwa lile shati la hospitali lililo wazi nyuma. Daktari Alya, yule anayekuja na wenzake kutoka ng'ambo ya maji kututibu, akatueleza vizuri. Kuna kamera nyembamba kama mkia wa samaki taa. Inapita njia ya mkojo, inapanda mpaka kwenye figo, halafu mwanga wa leza unalisaga jiwe. Ngozi haichanwi. Kamera yenyewe ipo moja. Akimaliza mgonjwa inaoshwa, inalowekwa dawa, inakaguliwa, ndipo anaingia mwengine.

Baba yako akataka kwanza akuulize wewe. Kwani wewe nani? Wewe unaendesha gari la kupeleka vifaa kwenye mahospitali ya huko, na katika ukoo wetu mtu akipita tu mlangoni mwa hospitali keshakuwa nusu daktari. Akakupigia, akaweka spika. Benchi zima likakusikia:

"Baba, usikubali! Huku kifaa hicho kikishamtibu mtu mmoja kinatupwa. Utatiwaje kitu kilichokwishapita kwenye mikojo ya watu? Subiri, nitakuletea chako, kipya."

Wallahi benchi zima lilibana mapaja.

Baba yako akasimama. Nikamvuta shati, nikamwambia, "Kaka, na lile jeneza la msikitini je? Umeshamuuliza Mzee Mjaka anayelitunza wangapi wamelilalia kabla yako?"

"Kule nitakuwa sijui kitu."

"Na huku utakuwa na ganzi, pia hujui kitu."

Watu wakaanza kucheka, nikadhani nimeshinda. Ndipo akanitupia neno lake, lile la siku zote: "Mtu anayekula mchana wa Ramadhani leo atanifundisha mimi twahara?" Hapo walicheka zaidi, na mimi nikacheka nao. Ungefanya nini? Mtu hagombani na huku matako yako wazi.

Akatoka. Aliondoka hata na shati la watu, mama yako ndiye aliyelirudisha.

Mimi nikaingia. Nikaingizwa huo mkia uliopita kwa watu, jiwe likasagwa, nikakaa siku kadhaa na mpira wa mkojo nikitembea kama bata. Basi. Mwezi haukwisha nilikuwa Tumbe, pwani, nagombana na wauza samaki kwa sauti yangu yote.

Baba yako akakungoja wewe. Nakupa haki yako, mwanangu: hukusahau. Boksi lilikuja baada ya Idi, limefungwa kama zawadi ya bi harusi. Tulilipeleka hospitali sote watatu, mama yako amevaa buibui lake jipya. Daktari Alya akafungua boksi la nje, akakitazama kifaa ndani ya mfuko wake, akatazama kichwa cha waya. Halafu akasema kifaa ni kizuri sana, lakini kinataka runinga yake, ya kampuni ile ile, na kwenye yetu hakiingii.

Hukuuliza, Maher. Uliuliza kipya kinapatikana wapi, hukuuliza kinachomekwa wapi.

Na usije ukasema daktari alikionea kijicho kitu chako. Alisema mwenyewe mbele yetu kwamba angekuwa na mashine yake angekitumia siku ile ile. Hakuna kuosha, hakuna kuogopa kuvunjika. Akasema pia kwamba hiki cha kuoshwa, kikioshwa ovyo, kina hatari, na ndiyo maana hawakioshi ovyo. Hakuficha kitu. Kisha akamwomba baba yako, akamwomba kama binti anavyomwomba mzazi wake, akubali kutibiwa kwa kilichopo, maana picha inaonyesha jiwe limeziba njia na mkojo unarudi juu. Baba yako akalipakata boksi lake akasema mwanawe atatuma na hiyo runinga.

Lipo hapo kwao mpaka leo. Juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma, baina ya saa ya ukutani iliyokufa na seti ya vikombe visivyonywewa. Wageni wakija mama yako analifunua: "Hii kamera ya figo, kaleta Maher." Wageni wanasema mashallah.

Homa ilimkamata nyumba haijasahau furaha ya hilo boksi. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Tulimpeleka Unguja mimi na mama yako, na njia nzima alikuwa ananiuliza kama umepiga. Walipofungua, figo la kushoto lilikuwa limegeuka mfuko wa usaha. Wakalitoa.

Sasa isome hii pole pole. Baba yako hakuharibiwa na uchafu wa watu. Ulikuwa usaha wake mwenyewe, wa kungoja.

Yule Haroub uliyemuacha akikata kuni kwa mkono mmoja huku anakutukana, simwoni tena. Sasa anakwenda msikitini kwa vituo, anasali juu ya kiti cha plastiki, na akimaliza hainuki mpaka mtu amshike. Mimi nilikuwa namtania kwa kila kitu, unanijua. Hili silipatii utani, na kuukosa kunaniudhi.

Na halijaisha, ndiyo maana nakuandikia. Figo lililobaki nalo lina jiwe. Bado dogo, halijaziba, Daktari Alya kaliona kwenye kipimo. Wanarudi mwanzoni mwa mwezi ujao na jina la baba yako ameliweka la kwanza. Yeye anasema haendi. Kwa nini? Kwa sababu umemtumia sauti kwenye simu, na anaisikiliza kila baada ya sala kama uradi: "Subiri Baba, nashughulikia ile mashine." Jiwe halina simu, mwanangu. Halijui kama unashughulikia. Na likilimaliza na hili, figo la tatu Mungu hakuliumba.

Mama yako amelia, hakusikia. Daktari amesema, baba yako anajibu kwamba yule ni mtoto wa juzi. Nimesema mimi, mtu niliyetibiwa na kile kile anachokiogopa na nasimama mbele yake nikirukaruka kumwonyesha. Ananitazama kutoka juu mpaka chini, anasema, "Wewe mla mchana, neno lako nalipokea kwa lipi?"

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako, Bi Shariffa, ambaye hajui kama nakuandikia. Shangazi yako Asya anakusalimu, anauliza kama Rawya alipenda zile karafuu. Mzee Mjaka anakusalimu pia. Anasema jeneza amelitia rangi mpya na hana haraka na mtu. Wabusu watoto wote, na yule mdogo mbane pua kwa niaba yangu. Mola akulinde na ghurba ya nchi za watu, akupe rizki yenye kheri, asikujaalie kumlilia mzazi uliyekuwa na uwezo wa kumsaidia.

Sasa langu. Sikuombi umwambie baba yako kwamba ulikosea kuhusu kamera. Hilo nishakuomba mara mbili na mara mbili mtandao ukakatika. Nakuomba jambo dogo, na hili si ombi, ni deni.

Ile Ramadhani ulipokuwa bado chuoni kwa Kurani, sauti ndiyo kwanza inavunjika, mama yako akakuta miiba ya samaki changu nyuma ya jiko adhuhuri kweupe. Baba yako akashika bakora. Wewe ulikuwa nyuma yangu, umeng'ang'ania msuli niliojifunga kiunoni, mdomo bado unanukia ndimu. Nani aliyesema, "Mimi ndiye niliyemla"? Na wewe ukaninong'oneza, "Ami, iko siku nitamwambia." Tangu siku ile kaka yangu hajaniamini hata nikimwambia mvua inanyesha.

Mpigie kabla madaktari hawajarudi, umwambie nani alimla yule changu. Hayo tu. Ya kamera niachie mimi, nitamalizana naye mwenyewe.

Wako akupendaye, ambaye siku ile alifunga mpaka magharibi,

Ami yako Mbarouk