Mlango Umekaa

Mwaka umetimia tangu gari langu likuangukie, mdogo wangu. Jeki haikuwa mbovu. Kilichoharibika ni neno, na neno lilitoka mdomoni mwangu.

Tangazo hili la kumbukumbu ni la familia yako yote, lakini kalamu nimeshika mimi kaka yako, ambaye shule niliiacha darasa la tano. Wasomaji wakiona nimekosea watanisamehe. Wewe ulikuwa hunisamehe, ulikuwa unanisahihisha.

Nyumbani ulikuwa kitinda mimba wetu. Kazini ulikuwa fundi wa mitambo ya kuchapa vitabu. Jumamosi, kwenye ule ua wa kiwanda cha mbao kilichofungwa, ulikuwa Masikio. Jina hilo nilikupa mimi, na si kwa ukubwa wa masikio yako. Ulikuwa unaegemeza bisibisi kwenye injini, mpini wake unauweka sikioni, unafumba macho, halafu unasema, "Valvu ya tatu hii, inalia." Tunafungua, tunaikuta ya tatu.

Siku moja tulikuwa tunakula barazani kwa mama, gari la mtu likapita barabarani. Ukasimama na tonge mdomoni. "Plagi moja imekufa ile!" Ukalikimbilia umwambie mwenyewe. Dereva akaona mtu anamfuata mbio na mikono ya mchuzi, akakanyaga mafuta. Ukarudi unahema, unacheka. "Si nimesema? Angekuwa na plagi zote ningemwona saa ngapi!"

Pale uani hatukulipana pesa. Sote tulikuwa watu wenye magari ya zamani na mapenzi nayo, na kila mtu alikuwa na anachokijua. Mimi nachomelea, Fundi Rangi anapaka rangi, mzee wetu Fundi Springi anajua kila kitu cha chini ya gari, wewe unasikiliza injini. Mtu akikupa siku yake, tulisema una mkono wake, na wewe siku nyingine unampa wako. Akija mgeni mwenye maneno matupu ulikuwa unamwambia, "Mkono mtupu haulambwi, ndugu. Shika msasa huo, sugua hapo."

Lakini yule muuguzi wa nyumba ya jirani, ambaye gari lake lilikuwa haliwaki asubuhi, hakujua kusugua wala kufunga nati. Wengine tukanung'unika. Ukasema, "Atatupima presha." Basi kila Jumamosi akawa anakuja na kile kitambaa chake cha kufunga mkononi, anatupima mmoja mmoja kwenye benchi. Yangu ilikuwa juu kila wiki. Yako ndiyo ilikuwa nzuri kuliko za wote, na ulikuwa unaitangaza kama matokeo ya mpira.

Nati ulizifungua na kuzipanga kwenye trei ya mayai, kwa mpangilio zilivyotoka, na ole wake atakayeigusa trei. Chai yako uliiweka juu ya injini isipoe. Hukuwahi kumcheka mtu kwa kutojua kazi. Ulimcheka kwa kujifanya anajua.

Na lile neno ulilileta wewe.

Ilikuwa baada ya mwenzetu mmoja kupondwa vidole vya mguu, kwa sababu aliyeinua gari alidhani stendi, vile vyuma vya kushikilia gari, zimewekwa na mwingine. Ukatukusanya. Ukasema, "Jeki inainua, stendi inashikilia. Hakuna mtu kuingia chini ya gari lililosimama kwa jeki. Aliyeinua ndiye anayeweka stendi, analisukuma gari kwa bega, halafu anasema 'imekaa' kwa sauti. Hajasema, huingii. Akisema, unaingia bila maswali. Na neno hilo marufuku kwa kitu kingine chochote."

Nikakuuliza, "Na mlango nikiufunga ukakaa vizuri, nisemeje?"

"Mlango umekaa. Kioo kimekaa. Gari limekaa."

"Boneti je? Boneti si imekaa?"

"Boneti sema imefunga. Usinitafute, kaka."

"Sasa stendi zenyewe ni mbili, si zimekaa?"

Ukashika kiuno. "Leo ndiyo umejua sarufi? Miaka yote mlango imekaa, maji imekatika, mtu imekuja. Leo ndiyo unazihesabu stendi!"

Uani wakacheka mpaka Fundi Rangi akamwaga tina yake ya kuyeyushia rangi. Nikasema mwalimu wa Kiswahili ametuvamia gereji. Lakini sheria ikashika. Miaka minne tuliifuata, na hakuna aliyeumia hata ukucha. Mimi ulimi wangu uliendelea kuteleza, na kila ukiteleza ulikuwa unapaza sauti kutoka ulipo, "Umekaa, kaka! Umekaa!" Nilikuwa najibu, "Haya, mwalimu." Nilidhani ni utani wa ndugu wawili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, kama saa nne asubuhi, jua halijawa kali. Nilikuwa nimekuchomelea sakafu ya kigari chako cha bluu wiki iliyotangulia, kwa hiyo ilikuwa zamu yako kunipa mkono. Gari langu lilikuwa linagonga chini kila likiingia shimoni, na ulikuwa umeshausikia mlio ukajua ni boliti ipi. Mimi nilikuwa na mkono wa Fundi Rangi, wa kumrudishia. Nilimchomelea bawaba za mlango wa kushoto wa gari lake mara tatu, na mara tatu mlango ukagoma kufunga.

Nililiinua gari langu kwa jeki ya Fundi Springi. Ukatandika boksi lako upande wa pili, ukakaa chini, ukaanza kuchagua spana. Ukasema, "Kalete stendi." Nikasema, "Naleta." Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho.

Nilizichukua ukutani, moja kila mkono. Nikirudi, Fundi Rangi akaniita.

"We fundi, hebu njoo. Nadhani leo mlango utaingia."

"Nina stendi hapa."

"Dakika moja tu bwana, usukume. Mimi nauogopa."

Nikaziweka chini, miguuni pangu. Nikausukuma mlango kwa kiganja. Ukaingia. Ukalia tak, mlio mdogo, safi, kama wa gari lililotoka kiwandani. Wiki tatu nilikuwa nauhangaikia mlango ule. Nikapaza sauti kama mtu aliyefunga bao.

"Imekaa!"

Wewe hukuniona. Ulinisikia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeinua gari, na ilikuwa neno lenyewe, kwa sauti, kama ulivyotuagiza. Ukaingia bila maswali. Ukaikamata boliti kwa ile spana ndefu, ukavuta. Gari likayumba, likateleza kutoka kichwani pa jeki.

Kishindo nilikisikia mkono wangu ukiwa bado kwenye mlango.

Tulilinyanyua watu saba kwa mikono. Muuguzi alikuja mbio na vifaa vyake. Akakufunga kile kitambaa mkononi kama kila Jumamosi, akapampu, akasikiliza, akapampu tena. Akakifungua bila kusema namba. Hapo sote tukajua.

Msibani watu waliuliza imekuwaje. Mmoja akasema, jeki. Sikujua nani. Mwingine akauliza ni ya nani, akajibiwa. Kufika jioni habari ilikuwa moja: jeki mbovu ya Fundi Springi imemuua Masikio. Mzee alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na matanki ya maji. Akasimama, akaja mpaka mbele yangu. Akasema polepole, "Mipira ya sili ya jeki ile niliibadilisha mwezi uliopita. Wewe ulikuwepo, fundi. Waambie."

Nikatazama chini.

Halafu akachukua kofia yake, akaondoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga uani. Mkeo aliacha kumsalimia. Mama alikataa mchele aliotuma. Watu waliokuwa wakimpelekea springi zao miaka ishirini wakaanza kupita mlangoni pake kama hapana mtu. Mimi nilikuwa nayaona yote hayo, na kila siku nilisema kesho.

Fundi Rangi hakuniuliza kitu. Mwaka mzima hakuniuliza. Nadhani anajua. Rafiki hanyamazi hivyo kama hajui.

Mwezi uliopita nilikuwa dukani na binti yako mkubwa. Fundi Springi akaingia kununua betri za redio. Mtoto akanishika mkono, akanong'ona, "Baba mkubwa, twende, ndiye huyo aliyemuua baba." Mzee alisikia. Akalipa, akatoka, betri akaziacha juu ya kaunta.

Jioni ile niliwakalisha sebuleni, mama, mkeo na binti mkubwa. Mdogo alikuwa amelala. Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa, mlango, stendi miguuni, na neno. Mkeo hakulia. Aliangalia mikono yangu muda wote.

Mama akauliza, "Ulikuwa unamwogopa nani?"

"Nyinyi."

"Basi umetuogopa mwaka mzima. Imekufaa nini?"



Mkeo akasema, "Shemeji, uende kwa yule mzee kesho asubuhi. Mimi nitakuja nyuma yako. Halafu uandike, kila mtu asome. Kama ulivyoniambia mimi, usiongeze, usipunguze."

Binti yako alikuwa bado amekaa. Akaniuliza, "Ulisema neno gani hasa?"

"Imekaa."

"Ulikuwa unasema mlango?"

"Mlango."

"Mlango umekaa, baba mkubwa," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama wewe. Kisha akaenda chumbani akafunga.

Fundi Springi tulimkuta anapanga vyuma vyake. Nilisema nilichoendea. Akaniacha nimalize. Akasema, "Nilijua."

"Ulijuaje, mzee?"

"Siku ile niliiokota jeki yangu pale chini. Ilikuwa bado imesimama juu, haijashuka hata unene wa kidole. Jeki iliyokufa hushuka. Gari ndilo lililoiponyoka. Nikajiuliza stendi zilikuwa wapi. Nikaangalia, nikaziona chini ya mlango wa gari la Fundi Rangi."

"Mbona hukusema habari ya stendi?"

"Ningesema mimi, mngesema najitetea. Nilikuwa nakungoja wewe." Akamgeukia mkeo. "Pole, mwanangu. Pole yangu ya mwaka jana ulikuwa hujaipokea."

Mkeo alipiga magoti akamwomba radhi. Mzee akamwinua. Mimi hakunipa mkono, na sikuutegemea. Uani bado hajarudi. Amesema magoti yanamuuma.

Kwa hiyo kila anayesoma hapa ajue, na amwambie asiyejua kusoma: Fundi Springi hana kosa. Hakuwahi kuwa nalo.

Gari langu nililikata kwa gesi, vipande vipande, likaenda kwenye chuma chakavu. Pale uani neno lako halitumiki tena. Siku hizi mtu anayeingia chini ya gari anainama kwanza, anazishika stendi kwa mkono wake mwenyewe. Wewe ulitufundisha kuaminiana. Mimi nimewafundisha kuchungulia.

Wanaokukumbuka ni mama yako, aliyezaa wawili, akamzika mmoja na kufichwa ukweli na wa pili. Mkeo, ambaye bado anaamka kabla ya saa yako ya kengele ya Jumamosi kulia, kisha anakumbuka. Binti yako mkubwa, ambaye hajanisahihisha tena tangu jioni ile. Binti yako mdogo, ambaye gari likikohoa barabarani anakimbilia dirishani kuona kama umetoka kulikimbiza. Wenzako wa uani, waliokuwa na mikono yako na hawakuwa na wa kumrudishia, wakaja wote wakakimaliza kigari chako cha bluu. Kimepakwa rangi, kina viti, kinawaka. Ila kinatetemeka kikisimama, na kila mtu ana dawa yake, na hakuna inayoponya. Hatuna wa kukisikiliza.

Na mimi, kaka yako. Tutakutaja kila siku ya maisha yetu, Masikio, na tukikutaja hatutadanganya tena.

Nilikosea herufi moja. Imetugharimu mwana, mume, baba wa watoto wawili, na mwaka mzima wa heshima ya mzee asiye na hatia.