Nimemwongezea Baba Wiki Mbili za Muhula

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mambo hayajaniharibikia, na kama utataka kunicheka naomba usubiri kwanza nimalize. Mimi ni mwalimu wa jiografia, mwanamke wa miaka thelathini na sita, sina mume wala mtoto na kwa leo hilo silo lililonileta kwako. Nafundisha nchi ya watu, huu ni mwaka wangu wa sita, na ujue tangu mwanzo kwamba kazi hainisumbui, maana wengi wanaokuandikia kutoka ugenini huwa wanalia, mimi silii. Naishi chumba na sebule juu ya duka la fundi viatu, natembea dakika kumi na mbili kufika shuleni, darasa langu lina wanafunzi ishirini na saba na dirisha moja lililogoma kufunguka, na mwaka huu ndio nimeacha kuandika andalio la somo mara mbili kwa hofu ya kukosea lugha yao, hata utani nautia darasani na wanacheka pale pale nilipotaka wacheke. Kwa kifupi nina raha, na labda raha ndiyo iliyonitia kiburi.

Nyuma ya shule yetu unapita mto, na kila mwaka muhula wa pili naufundisha mto huo tangu unapochipuka milimani mpaka unapogawanyika vijito na kuingia baharini, naufundisha kwa ramani, kwa rangi, kwa udongo wa kufinyanga, na somo hilo ndilo wanafunzi wangu hulipenda kuliko yote. Mwaka jana katikati ya somo binti mmoja wa dawati la mbele akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, ulipofika kule mwisho, maji yalikuwa na rangi gani?" Mimi kule sijawahi kufika, mshauri, tangu nije nchi hii safari yangu ni moja tu, shule na nyumbani, nyumbani na shule. Nikamjibu kwamba ni ya udongo, kwa sauti ya mtu aliyefika, na wote ishirini na saba wakainama wakaandika. Nilipomsimulia mwalimu wa muziki, ambaye ndiye rafiki yangu pale shuleni, alicheka mpaka akamwaga chai kwenye madaftari ya watu, akaniambia ama niende nikayaone hayo maji ama niwafutishe. Siku hiyo ndipo hamu ikaniingia, na haikutoka tena. Nimeshapanga safari ya siku kumi na mbili mara tu tukifunga kwa likizo ndefu ya kiangazi, nitaufuata mto kwa treni mpaka reli inapoishia, halafu siku mbili za mwisho kwa boti, peke yangu, na tiketi ninayo tayari.

Sasa tatizo ni Baba. Baba alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na moja, amestaafu, anaishi nyumbani na mdogo wangu na shemeji, na Mama alifariki miaka minne iliyopita. Kila mwaka shule ikifunguliwa mwezi wa tisa namtumia kalenda yetu, anaibandika ukutani karibu na saa, na kila jioni anakata siku moja kwa kalamu nyekundu, ile ile aina aliyokuwa akisahihishia. Siku ninayofika namkuta stendi, koti limenyooshwa, ameshafika saa mbili kabla yangu, na mfukoni ana ratiba aliyoiandika mwenyewe, Jumatatu kwa shangazi, Jumanne kwa binamu zako, Jumatano mapumziko, na hayo mapumziko nayo yamepewa saa ya kuanza na saa ya kwisha. Silalamiki, napenda, huwa nafurahi mpaka siku ya kuondoka. Ila miaka miwili iliyopita nilijaribu kumdokeza kwamba labda safari hii nitapitia mahali siku chache kabla ya kufika, akasema, "Sawa, mwanangu. Mimi nipo tu." Hayo maneno yalinikata maini. Mwaka huo nilikwenda nyumbani moja kwa moja kama mshale.

Kwa hiyo mwezi wa tisa uliopita nilikaa mbele ya kompyuta nikaichukua kalenda ya shule, na siku ya kufunga, ambayo ni Ijumaa tarehe ishirini mwezi wa sita, nikaisogeza mpaka Ijumaa tarehe nne mwezi wa saba, na ili pengo lisionekane nikatunga kitu kinaitwa Wiki ya Marudio na kingine kinaitwa Wiki ya Tathmini, nikavipaka rangi sawa na vingine, nembo ya shule nikaiacha pale pale juu. Nikaituma. Nililala usingizi mzuri, kusema kweli.

Mambo yakawa shwari mpaka mwezi wa nne, Baba akanipigia Jumapili kama kawaida yake, akaniambia kwamba amehesabu. Miaka yote mitano iliyopita shule yenu ilikuwa na siku mia na themanini na tano za masomo, anasema, mwaka huu zimekuwa mia na tisini na tano, siku kumi zimeongezwa na hata siku moja ya mapumziko haikuongezwa, walimu si punda, na yeye hawezi kunyamaza, anamwandikia mkuu wangu wa shule. Akanisomea na rasimu. Inaanza hivi, "Mimi ni mzazi wa mmoja wa walimu wako." Nina miaka thelathini na sita, mshauri. Nikamsihi asijisumbue, akasema kuwatetea walimu hakujawahi kuwa usumbufu kwake. Halafu akaniomba anwani ya shule, anwani ambayo amekuwa akiiandika kwenye bahasha za barua zangu kwa miaka sita, nikaona uzee huo unaanza, nikamtajia taratibu. Mwisho akaniuliza, "Kabla sijaituma, mwalimu mwenzangu, kuna kitu humu ungependa nikirekebishe?" Nikamjibu hapana, Baba, imekaa vizuri.

Tangu hapo naishi roho mkononi. Bahati yangu barua yenyewe bado haijatoka, Jumapili ya kwanza aliniambia wino umemwishia, ya pili akasema barua rasmi lazima ipigwe chapa, ya tatu foleni ya posta ilikuwa ndefu, na kila akinipigia ananiuliza kama nimekumbuka la kuongeza, nami nasema sina. Sasa amesema Jumatatu ijayo haipiti. Mkuu wetu ni mama muungwana, barua hiyo atamjibu kwa heshima zote kwamba shule inafungwa tarehe ishirini kama miaka yote, na hapo nitakuwa nimekwisha. Nimefikiria kuiacha safari nimwambie Baba shule imebadili mawazo. Nimefikiria kuzungumza na katibu wa ofisi aizuie barua ikifika, na biskuti nimeshaanza kumpelekea. Mwalimu wa muziki anasema niseme ukweli, lakini yeye hakuisikia ile "nipo tu". Natamani kwenda safari yangu, mshauri, lakini watu wote duniani wananiita mwalimu na ni mmoja tu anayeniita mwalimu mwenzangu, sitaki siku moja anipigie simu akaniita jina langu tu. Nifanyeje?

Ni mimi, Mwalimu wa Jiografia Aliyepotea Njia.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, nimefanya ulivyoagiza. Nimesubiri umalize, ndipo nikacheka.

Biskuti hizo acha kuzipeleka leo. Katibu wa ofisi hana kosa lolote, na wewe umeshaghushi kalenda, hujafikia cheo cha kuiba barua.

Sasa hebu isome barua yako upya, kama unavyosoma daftari la mtoto aliyenakili kwa jirani. Baba ana akili ya kuhesabu siku za masomo za miaka mitano, halafu anasahau anwani aliyoiandika miaka sita? Mtu huyu ameendesha shule miaka thelathini na moja, amewaandikia wazazi, wizara na wakandarasi wa vyoo, leo anashindwa na wino wiki ya kwanza, na chapa wiki ya pili, na foleni wiki ya tatu? Na kila Jumapili anakuuliza swali lile lile kama una la kuongeza. Nawe unaita hiyo bahati.

Mwanangu, baba yako anajua. Nadhani alijua siku ile ile kalenda ilipofika, maana hakuna shule duniani inayofanya marudio na tathmini baada ya mitihani kwisha, na hilo wewe kama mwalimu ungelijua kama usingekuwa na haraka ya kupaka rangi. Nilipokuwa shule ya sekondari niliwahi kujiandikia barua ya ruhusa nikatia sahihi ya mama. Mwalimu mkuu akaisoma, akasema, "Mwandiko wa mama yako umekuwa mzuri siku hizi. Mwambie namsalimia, na kesho nitampigia simu." Hakupiga kesho, wala kesho kutwa. Siku nne kila akipishana nami ananiuliza mama hajambo, siku ya tano nikaenda mwenyewe ofisini kwake nikalia. Ndivyo walivyo hao watu. Ukimwona kobe ameinama, jua anatunga sheria. Barua hiyo hakumwandikia mkuu wako, alikusomea wewe, na kila Jumapili anasubiri uje mwenyewe ofisini.

Nitakukemea kidogo, uvumilie. Safari yako haina kosa lolote. Mtu anayefundisha mto ana haki ya kwenda kuuona, na siku kumi na mbili kati ya likizo nzima si uchoyo. Kosa lako ni kwamba ulimsikia mtu aliyefiwa na mke, hata miaka miwili haijatimia vizuri, akisema neno moja la huzuni kwenye simu, ukalifanya hukumu ya maisha, ukampangia la kufanya bila kumuuliza. Mzee alisema "nipo tu" jioni moja. Hukurudi kumuuliza ana maana gani. Ulifunga mizigo ukaenda, na mwaka uliofuata hivyo hivyo, halafu mwezi wa tisa ukafungua kompyuta. Umemwonea huruma mpaka ukamdharau.

Kwa hiyo sikiliza. Mpigie wewe, usingoje akupigie. Usianze na habari za mto wala tiketi, wala usimsingizie mwalimu wa muziki. Mwambie hivi: "Baba, kalenda ile niliibadilisha mimi. Shule inafungwa tarehe ishirini." Hapo utasikia kimya, na nyinyi walimu kimya mnakiogopa, mnataka kukijaza. Usikijaze. Akikuuliza kwa nini, usitafute sababu nzuri, mpe ile ya kweli, kwamba uliogopa kusikia yupo tu. Ndipo umwambie habari za safari, siku zake na reli inapoishia, na siku utakayofika nyumbani, na tarehe hiyo uitimize hata kama boti imetoboka. Usimwalike kwenda nawe kwa sababu ya hatia, kwenye barua yako hukuandika popote kwamba unataka mwenza. Usimwahidi kwamba mwaka ujao hutakwenda popote, maana huo utakuwa uongo wa pili. Na mwezi wa tisa wasahihishe wale ishirini na saba popote walipo, usiache watoto wa watu wazeeke na rangi ya maji uliyoitunga.

Je, atakasirika? Ndiyo, labda dakika tano, na haki yake. Atakuita jina lako tu? Labda hata hilo, labda Jumapili mbili nzima. Vumilia, mwongo hachagui kiboko chake. Lakini mtu anayekungoja stendi saa mbili kabla hajui kukaa na hasira muda mrefu, hana mazoezi.

Jambo moja la mwisho, nalo ni la haraka. Nimeficha jina lako na la shule, lakini mabinti wanaofundisha jiografia ng'ambo na baba zao walikuwa walimu wakuu sidhani kama wamejaa. Na katika wasomaji wangu hakuna kundi linalonisoma kwa makini kama walimu wakuu wastaafu, nawajua kwa sababu huniandikia kunisahihisha alama za vituo, kisha wanadai gazeti wamelinunua kwa ajili ya tahariri. Wewe uliye mbali unanisoma mtandaoni, na ukurasa wetu hufunguliwa saa kumi na mbili alfajiri ya Jumamosi. Gazeti la karatasi hufika madukani kwenye saa nne. Hesabu mwenyewe, halafu weka simu hii chini uichukue tena kumpigia, ili habari zako azisikie kwako asizisome kwangu.