Picha Yangu kwenye Paketi ya Chai

Jumamosi, Sumbawanga. Upepo wa Julai umevuma tangu asubuhi, baridi na vumbi kwa pamoja. Nimeshaoga mara mbili, bado najiona mchafu.

Kinyaa. Sina neno lingine.

Asubuhi binamu yangu alinitumia picha kwenye simu. Ni mimi, mara mbili. Kushoto niko kwenye harusi yake, nimejaa picha nzima. Kulia niko kama nilivyo sasa. Chini imeandikwa: "Dada wa hapa hapa Sumbawanga. Chai tu, bila kisu!" Imebandikwa kwenye paketi za chai ya kupunguza mwili anayouza jirani yetu, Mama Neema.

Bila kisu! Mimi niliyelazwa Dar es Salaam mwaka juzi, nikapunguzwa tumbo, nikaishi kwa uji mwepesi mpaka nikauchukia. Na Mama Neema anajua. Niliporudi alikuja kunipa pole na maparachichi, akaomba tupige picha ya kumbukumbu.

Kumbukumbu yenyewe ndiyo hii.

Nikaenda dukani kwake. Nikamkuta mama mmoja aliyetoka Matai na binti yake, Skola, wa darasa la tano. Nilipomwona yule mtoto nilisimama pale pale mlangoni. Nilikuwa hivyo hivyo: mashavu yamebana macho, gauni limeongezwa vipande vya kitambaa ubavuni.

"Shikamoo," alisema, akitazama sakafu.

Kabla sijaitikia, Mama Neema alishanikumbatia. "Huyu hapa! Shahidi mwenyewe! Hebu mwambie, mdogo wangu, chai imekusaidia, haijakusaidia?"

Manukato yake yalinipanda kichwani. Nikajitoa mikononi mwake.

Nikapandisha blauzi. Pale pale, katikati ya duka, nikamwonyesha yule mama makovu yangu. "Hii ni kazi ya hospitali, mama. Chai hii sijawahi hata kuionja."

Nikamweleza jinsi madaktari walivyonipima damu wakaona ni kitu nilichozaliwa nacho, kipo kwenye ukoo wetu. Tumbo linajaa, lakini ubongo haupati habari. Sikumficha na upande mbaya: upasuaji umenisaidia sana, ila njaa haijaondoka yote, na kilo kadhaa zimeanza kurudi. Daktari alinionya mapema kwamba kwa watu wa aina yangu hutokea.

Skola akainua macho. "Kwa hiyo hata wewe ulikuwa unakula halafu njaa haiondoki?"

"Hata mimi."

"Mama, si nilikwambia?"

Mama yake alijifunika mdomo kwa kanga. Sijui alikumbuka nini. Mimi nilikumbuka fimbo nilizochapwa kwa kudokoa ugali wa ulezi jikoni, na jina la mlafi lililonifuata mpaka kanisani.

Mama Neema akacheka. "Sasa huyu wa Matai, hospitali ya Dar ataifikia wapi? Waache watu na matumaini yao. Na wewe mbona umependeza tu kwenye picha?"

Nilimwambia abandue kila picha yangu. Alisema ataangalia.

Ataangalia!

Kilichonichefua zaidi ni kwamba yule mama aliinunua chai, mbele yangu. "Nakuamini, dada. Lakini nikirudi mikono mitupu, baba yake nitamwambia nini?"

Niliwafuata nje hadi kituo cha magari. Nikamwomba Jumatatu amlete mtoto hospitali ya mkoa, tuwe wote, tuombe apimwe na aandikiwe rufaa. Sikumwahidi upasuaji, huyo bado mtoto. Nilitaka tu ajue kwamba binti yake si mlafi. Alinipa namba ya simu, wakapanda gari.

Jioni nimempigia. "Tutakuja, dada," amesema, sauti chini. Nyuma yake nimesikia mtoto anatapika.

Nimeuliza kama amempa ile chai.

"Kikombe kimoja tu."

Nimemwambia amwage iliyobaki, ampeleke zahanati sasa hivi, wala asimngoje baba. Amelia. Amesema wanatoka.

Nimekaa na simu mkononi. Uso wa kwenye paketi ile ni wangu. Mtoto ameinywa kwa sababu ya uso wangu.

Jumatatu ni mbali. Kesho misa inisamehe, napanda gari la kwanza la Matai.