Dirisha la Nailoni kwenye Sanduku la Davis

Kyarumba, Kasese
14 Mei 2025

Mpendwa kaka Mumbere,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo wewe, shemeji Gorret na watoto? Biashara Butembo inakwendaje? Sisi hatujambo, lakini ni kwa mdomo tu. Simu yako haipatikani tangu Pasaka, ndiyo maana habari hii inakujia kwa karatasi. Tafadhali keti kwanza.

Mdogo wetu Davis hayupo tena. Tarehe tatu alikuwa akivuka Nyamugasani na gunia la kahawa kichwani, mto ukafurika ghafla ukambeba. Tulimpata kesho yake huko chini, amenaswa kwenye mizizi. Nilimwosha kwa mikono yangu. Uso ulikuwa umevimba, lakini ni yeye, kaka. Hata lile kovu la kidevuni, la jembe ulilomgonga nalo utotoni, lilikuwepo.

Mama anayekukabidhi barua hii haamini. Amekuja na shangazi Sylvie kumtafuta Davis kwako, kwa sababu miaka ile Davis alikaa dukani mwako. Kusoma hajui, nami nimemwambia humu mna salamu tu. Kosa ni langu, ngoja nikueleze.

Unaijua kazi yangu ya nailoni angavu, hizi kaveera pana. Vikaushio vya kahawa, vitalu vya nyanya, madirisha ya wasiomudu kioo, nusu ya mlima huu nimeifunika mimi. Danieri seremala alipomaliza sanduku la kumzikia Davis, kioo cha dirisha la uso hakikupatikana, maana daraja lilikuwa limesombwa na maji, na mjini Bwera hakufikiki. Nikasema hiyo ni kazi yangu. Nilikata kipande, nikakunja kingo mara mbili, nikakivuta mpaka kikakaza kama ngoma, kisha nikakibana kwa fito na misumari midogo pande zote nne. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nilitaka hata tone lisimguse. Nakiri nilijisifu moyoni.

Kila kikaushio huwa nakiachia matundu ya kupumulia, kwa sababu nailoni hutoa jasho. Nikimfundisha mtu kazi hii, hilo ndilo neno la kwanza. Kwa ndugu yangu nikasahau. Mganga hajigangi.

Mama alikuwa Kitswamba kwa dada yake. Alizunguka kwa miguu, akafika sala za maziko zikiwa zimeanza. Jua lilikuwa limetoka, na sanduku lilikuwa uani tangu asubuhi. Alipoinama, dirisha lilikuwa jeupe, halionyeshi kitu. Akalipangusa kwa kitenge chake. Akapangusa tena. Ukungu ulikuwa ndani, kaka, na yeye anapangusa nje. Watu wakaacha kuimba.

"Mufungue nione mutoto yangu," akasema. Wazee wakakataa, kwa kuwa mwili ulikuwa umeanza kuharibika. Nikamwambia ni Davis, nimemwosha mwenyewe. Akanitazama.

"Weye Kathembo, kama iko Davis, mbona unamufichaka?"

Hakutia udongo kaburini. Tangu siku ile jioni anamwekea Davis chakula, na salamu yangu haitikii. Inaniuma sana.

Sikumzuia kuja. Nilimnyima kuona mara moja, sikuthubutu mara ya pili. Kwa hiyo usimhubirie, wala usimwambie atulie. Mpeleke dukani, stoo, kwa majirani, kwa marafiki wa zamani wa Davis, popote atakapotaja. Mfungulie kila mlango, hata wa chumba unacholala na shemeji, aangalie mpaka achoke mwenyewe. Milango ikiisha, mshike mkono.

Nisalimie shemeji Gorret na mjomba Syahuka. Danieri anawapa pole. Mungu akutie nguvu leo, maana najua umefiwa ukiwa umeshika karatasi, na mama yuko mbele yako anasubiri umwitie mtoto wake.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Kathembo