Mabenchi ya Mzee Mwadime

Mkamburi mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka Buxton, hapa Mombasa. Miguu yako je? Uvimbe umepungua, ama bado wapanda mlima na ndoo kichwani kana kwamba huna wajukuu? Mimi mzima, joto tu ndilo lanipika. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningesema nusu nikakata, nawe ungedhani ni mtandao.

Nimeandika ili nirudishe maneno yangu. Uliponieleza kwamba bado mnashauriana huko kama mlifunge kanisa la juu mlimani mwabudu pamoja na wa kanisa la chini, nilikukaripia. Nilisema wewe na wazee wenzako mmekaa kama kuku aliyeatamia mawe. Nikasema mzee wa kanisa hakuchaguliwa awaze, alichaguliwa atende. Sasa sikiliza nilichotenda mimi.

Watu wengi wa mtaa wetu wamehama, kanisa limebaki na nafasi. Tukakubaliana siku za kazi watoto wa chekechea wasomee humo. Lakini yale mabenchi ya mbao, mazito kama dhambi, yamejaa ukumbi mzima. Nikasema yatoke, tuweke viti vya plastiki. Mchungaji wetu mpya, mtu mpole hata mwendo wake hausikiki, akasema, "Mama, tungoje wiki tatu. Tupite majumbani, tuwasikilize watu, tuombe, kisha tuyatoe."

Nikamjibu mbele ya kikao, "Yesu alipoambiwa divai imekwisha, aliitisha kikao?"

Akatabasamu. "Hakuitisha, mama. Ila alisema saa yake haijafika."

Walicheka, Mkamburi. Hata mweka hazina, ambaye hacheki. Nikarudi nyumbani nimevimba. Na Jumamosi Mchungaji alipokwenda Voi kumzika shangazi yake, nikawakusanya akina mama, tukayatoa mabenchi yote kabla ya saa sita. Tukampa mama mmoja anayekaanga mihogo kule Feri. Niliimba siku ile! Nilijiona Debora.

Wamkumbuka Mzee Mwadime, fundi seremala wa reli, aliyekuletea kigoda ulipokuja kunitembelea? Mabenchi yale aliyatengeneza yeye, ujana wake wote umo humo. Sasa macho yamekwisha. Kila Jumapili huja wa kwanza, hupapasa migongo ya mabenchi, moja, mbili, na la tatu lina fundo la mbao pale mwishoni. Akiligusa hilo fundo, hukaa. Marehemu mkewe alikuwa akikaa kushoto kwake.

Nilijua. Usinitafutie udhuru, nilijua. Siku ile sikukumbuka tu, kwa sababu sikutaka kukumbuka chochote.

Jumapili Mzee akaingia, akanyoosha mkono, hakuna kitu. Akapiga hatua nyingine. Akashika kiti cha plastiki, kikateleza, wakaenda chini wote wawili. Tukamwinua. Akauliza, "Mahali pangu ni wapi?" Nami, kwa hii sauti yangu, mbele ya watu wote, nikamwambia, "Mzee, kaa popote, viti vyote ni sawa!"

Hakukaa. Aliomba mtu amshike mkono ampeleke nyumbani.

Jumatatu nilikwenda Feri kuomba angalau benchi moja. Nikakuta mengine ameshawauzia wakaangaji wenzake, na kipande cha mwisho ki chini ya karai la mihogo, chawaka. Yule mama akashangaa, "Si mlisema ni kuni?" Kweli, nilisema.

Mchungaji hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tumpe mzee muda, na hapo pia nikaona muda wake umezidi, mtu ameumia na sisi twaomba tu. Nikaenda mwenyewe mtaa wa Bondeni, kwa binti wa Mzee Mwadime, anakokaa. Nikapiga magoti, na magoti yangu wayajua. Nikasema nimemkosea.

Mzee akasema, "Wakesho, yale mabenchi yalikuwa yamechoka. Misumari ilianza kuchomoza. Ungeniuliza, ningekwambia myatoe. Ningekuja nikayapapasa mara moja, basi."

Mkamburi, angekubali! Swali moja tu.

Nikamwuliza, "Jumapili utakuja?"

"Niache nifikiri," akasema.

Jumapili mbili zimepita. Siwezi kumharakisha. Mimi, ninayewaita wenzangu kuku.

Basi usinitii. Nendeni kwanza kwa wale wakongwe wa kanisa la juu, mmoja mmoja, muulize nani hukaa wapi na kwa nini. Lakini mkishauliza, amkeni! Barua hii usiifanye blanketi ukalala, nakujua.

Nisalimie shemeji, umwambie aache tumbaku. Nisalimie wifi yetu mjane, na yule mjukuu wako mwalimu anayekusomea barua, naye asirukeruke mistari.

Kiti cha safu ya tatu, mwishoni, nimekifunga kitambaa kwenye mgongo, fundo kubwa la kushikika. Hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Mimi Jumapili hukaa nyuma yake.

Dada yako,
Wakesho