Barafu ya Safari ya Mama

Gatini, ndani ya boti yetu,
Jumapili jioni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini kile kifua kimepona na baridi ya huko imeanza kukuzoea. Wifi hajambo? Na watoto? Sisi wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini bado anabishana, kwa hiyo si mgonjwa.

Kaka, uliposema kwenye simu Mama asisafiri, nilikusikia vizuri. Nakuandikia kukujulisha kwamba amesafiri na amefika salama. Sasa kaa chini usome.

Unajua mama mkubwa miguu imemkataa, hawezi kuja kwetu. Kila salamu zake zilipofika, Mama aligeukia ukutani. Kikwazo kilikuwa dawa yake ya sukari. Safari ni ya siku mbili, insulini haitaki joto, na lile sanduku la barafu lililojengewa chini ya benchi la boti lilikuwa halifikishi barafu asubuhi. Shemeji yako alisema, "Hilo ni kaburi. Tunazika barafu, hatuioni tena."

Mimi fundi wa injini, nikachukua bisibisi. Nilipobandua mbao za ndani, nikakuta ile kinga nyeupe ya kuzuia joto imelowa chepechepe, ukiibonyeza inatoa maji kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikaitoa yote, nikaweka mpya, nikaziba kila upenyo. Tundu la kutolea maji nalo lilikuwa wazi, baridi yote inatorokea huko chini. Nikalitia kizibo. Mpira wa kifuniko niliupima kwa kufungia karatasi: ikichomoka kwa urahisi, pana mwanya. Ilichomoka pande zote. Nikauondoa, nikaweka mpira mpya.

Jaribio la kwanza barafu ilidumu vizuri, ila kichupa cha maji nilichokilaza juu yake badala ya dawa kikaganda. Nesi wa zahanati akatikisa kichwa. "Insulini ikiganda imeharibika. Hata ikiyeyuka, usimchome."

Hapo nilikaa juu ya benchi nikasema labda kaka amesema kweli. Halafu nikainuka. Nikafunga rafu juu ya barafu, dawa nikaiviringisha kwenye taulo ndani ya kopo, na pembeni nikaweka kipimajoto alichoniazima nesi. Siku moja kabla ya safari nilitia barafu ili sanduku lenyewe lipoe kwanza, kisha nikalijaza upya na kushindilia chupa za maji yaliyoganda, kwa kuwa nafasi tupu hula baridi. Kipimajoto kikatulia pale pale nesi alipotaka.

Njiani abiria walipogundua kuna barafu, wakaanza kuleta soda zao. Mama akahamia juu ya kifuniko, akakaa. Muuza viatu mmoja akambembeleza, "Mama, nafungua mara moja tu."

"Mwanangu," Mama akamjibu, "mimi ndiyo kufuli, na ufunguo nimeuacha nyumbani."

Boti nzima ikacheka. Hakunyanyuka mpaka saa ya sindano.

Mama mkubwa alikuwa ameletwa gatini kwenye kiti. Nilidhani watakumbatiana. Mama alipiga magoti, akaanza kumkanda miguu. Mama mkubwa akamtazama, akasema, "Umechelewa, lakini mikono ni ile ile." Ndipo wakalia wote wawili, na shemeji yako akajifanya anakaza kamba.

Jambo la mwisho. Mama hataki kurudi kwa sasa, na kwa mama mkubwa hakuna friji. Leo nimeanza kujenga sanduku kama lile chumbani kwao, na kila safari nitawaletea barafu na dawa. Hili siombi ruhusa, kaka, nakupa habari. Ukitaka kusaidia, mpigie Mama simu, ila usimuulize atarudi lini.

Nisalimie wifi, na yule mwanao wa maswali mengi mwambie shangazi anamjia na majibu. Mungu akufunike huko uliko, akufungulie na njia ya kuja kutuona.

Mdogo wako akupendaye daima,
Fundi